Mfumo wa buking unaotuma barua kwa jina letu: uzoefu wangu

Tuna nyumba ya wageni ya vyumba sita Jambiani. Mwaka jana tulihamia kwenye mfumo wa buking unaowatumia wageni barua pepe zote kwa niaba yetu: uthibitisho wa malipo, maelekezo ya kufika, ukumbusho wa safari. Jina la kampuni silitaji.

Kwa kazi ya vyumba nimeridhika. Tarehe hazigongani, malipo yanaonekana papo hapo, na mdogo wangu wa mapokezi aliuzoea kwa siku moja. Kilichoniumiza ni barua.

Agosti, kusi linavuma na vyumba vimejaa, mama mmoja alitua usiku uwanja wa Abeid Amani Karume na binti zake wawili. Gari yetu hawakuiona. Dereva alikuwa huku Jambiani, hana habari, kwa sababu barua ya kumwomba mgeni namba ya ndege ilikuwa haijajibiwa. Kwenye mfumo ilikuwa na alama ya kijani. Kwa mgeni ilikuwa imelala kwenye taka. Walipofika, yule binti mdogo kasinzia juu ya begi, niliona haya kweli.

Asubuhi mgeni alinifungulia barua ile kwenye kompyuta yake, tukatazama kichwa chake kizima, yale maelezo ya kiufundi ambayo kwa kawaida hufichwa. Pale palikuwa na spf=pass, dkim=pass, kisha dmarc=fail: kaguzi tatu za kumtambua mtumaji, mbili barua imepita, ya tatu imeanguka. Nikampigia mpwa wangu, fundi wa mitandao Mjini.

"Mjomba," akaniambia, "wamejithibitisha wao, hawakukuthibitisha wewe."

SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua za domeni (jina linalokuja baada ya @), ilipita kwa domeni yao, maana anwani ya kurudishia barua zilizokwama ni yao. Sahihi ya DKIM, muhuri wa kidijitali ambao domeni inautia kwenye barua, nayo ni yao. Lakini mgeni anaona barua imetoka kwetu, na DMARC inataka angalau moja kati ya hizo mbili ilingane na domeni anayoiona. Aliyetutengenezea tovuti alikuwa ameshaweka p=quarantine kwenye domeni yetu, yaani barua inayoanguka DMARC itiwe kwenye taka, basi Gmail ikafanya kama ilivyoagizwa.

Niliwaandikia wahudumu wa kampuni. Wakanijibu niongeze rekodi mpya ya SPF. Nikaongeza, mambo yakaharibika zaidi, hata barua zetu za ofisini zikaanza kutiliwa shaka. Domeni moja hubeba rekodi moja tu ya SPF. Zikiwa mbili, seva inayopokea inahesabu kosa. Ilitakiwa include yao, yaani neno linaloiita orodha yao, iingizwe kwenye mstari uleule wa zamani, tena kwa uangalifu, kwani ukomo ni kutafuta kwenye DNS, daftari la majina ya mtandao, mara 10. Na hata hivyo isingetibu, maana anwani ya kurudishia ingebaki yao.

Dawa tuliikuta ndani kabisa ya mipangilio: rekodi mbili za CNAME, zinazoelekeza majina ya domeni yetu kwao, ili watie sahihi ya DKIM kwa domeni yetu. Mpwa wangu alizibandika baada ya Ijumaa; magharibi haijaingia, barua ya majaribio ikaonyesha dmarc=pass. MX, rekodi inayosema barua zipokelewe wapi, hatukuigusa, barua zinazoingia bado zinakuja kwenye seva yetu. Ila tulibadilisha anwani ya kujibia, kwani majibu ya wageni yalikuwa yakiishia kwao.

Nawapa nyota tatu. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zimekaza masharti kwa watumaji, kwa hiyo hatua ya DKIM ilistahili kuwa ya kwanza mteja anapojiunga, na alama ya kijani isiwake kabla haijakamilika. Nimewaandikia hivyo mara mbili.