G502 Hero au Pro X Superlight?

Hapa Kondele, Kisumu, nimecheza na vipanya hivi viwili vya kompyuta vya Logitech, na mkono wangu umeshaamua. G502 Hero ina waya, vitufe 11 na uzito wa gramu 121. Pro X Superlight haina waya, ina vitufe 5 na haifiki gramu 63. Sensa zote hufika DPI (kipimo cha wepesi wa kipanya kuhisi mwendo) 25,600, hapo hakuna cha kugombania.

Uzito ndio kila kitu. Kwenye michezo ya kulenga shabaha, Superlight huteleza ukiigusa tu. G502 hunichosha kifundo cha mkono. Ila gurudumu lake, ukililegeza, huzunguka lenyewe, raha tupu kwa kurasa ndefu. Pia haidai chaji. Mimi nachukua Superlight.