Ryzen 5 5600G kwa kompyuta ya kwanza ya gemu

Kama mfuko hauruhusu kadi ya grafiki, anza na prosesa hii ya AMD. Ina koa 6 (sehemu zinazofanya kazi kwa pamoja) na grafiki yake ndani, na feni imo kwenye boksi. Gemu nyepesi zinachezeka vizuri.

Ila usinunue ramu ya GB 16 kijiti kimoja! Chukua viwili vya GB 8, aina ya DDR4 yenye kasi ya 3200. Grafiki hiyo hutumia ramu ya kompyuta, na kijiti kimoja huipa nusu tu ya njia ya data. Ukiuziwa mazabodi ya B450 iliyotumika, hakikisha BIOS (programu ya mazabodi inayowasha kompyuta) imesasishwa ili iitambue prosesa hii, la sivyo skrini itabaki nyeusi.

Hewa ya Mombasa ina chumvi: usiweke kompyuta dirishani.