Suti ya neopreni kwa kuogelea kwenye triathloni: uzoefu wangu baada ya msimu mzima

Kwa sehemu ya kuogelea ya triathloni, yaani shindano la kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, huvaa suti ya neopreni, mpira laini unaohifadhi joto. Suti yangu ya kwanza niliichagua kwa sababu ilinistarehesha nilipoijaribu mbele ya kioo, na hilo ndilo lililokuwa kosa lenyewe. Nilipoingia ziwani, maji yalipenya shingoni, yakateremka mgongoni na kutuama juu ya kiuno, hata nikawa kila ninapovuta mkono nahisi nimebeba kiroba. Suti hizi huhifadhi joto pale tu zinapogandamana na ngozi, kwa kuwa maji machache yanayoingia hupashwa moto na mwili na kubaki humo humo. Yakipata nafasi ya kuzunguka, baridi haiishi.

Suti ya pili, ambayo ndiyo ninayoizungumzia hapa, ni ndogo kwa saizi moja. Niliichagua kwa kuangalia uzito na mzunguko wa kifua kabla ya urefu, kwani mguu wa suti ukiishia juu kidogo ya kifundo hakuna kinachoharibika, ilhali kwapa likiwa na mkunjo bega huchoka mapema. Nchi kavu inabana kiasi kwamba mtu hutamani kuivua mara moja, lakini ndani ya maji hulegea na kukaa vizuri. Neopreni yake ina unene wa milimita 5 mapajani na kifuani, ambao ndio ukomo unaoruhusiwa na kanuni za mashindano, na mabegani ni nyembamba zaidi ili mkono uzunguke bila kuvutwa nyuma. Hapo ndipo inapotofautiana na suti za kuteleza kwenye mawimbi, ambazo mabega yake ni mazito na nje zimefunikwa kitambaa; rafiki yangu aliazima moja ya aina hiyo akatoka majini mikono haimtii.

Kuivaa ni kazi inayodai subira. Huvaa mfuko wa plastiki mguuni ili suti iteleze, kisha huipandisha kidogo kidogo kwa nyama za vidole, kamwe si kwa kucha, nikihakikisha imefika juu kabisa kwenye kinena kabla sijagusa mikono. Mara ya kwanza niliruka hatua hiyo, nikafunga zipu kwa nguvu, na baada ya mita 200 pumzi ikanikatika, nikadhani nimeshikwa na hofu ya maji. Kumbe suti ilikuwa imeninginia mabegani kwa sababu huku chini haikupanda. Siku hizi, nikishaingia majini, hulegeza ukosi kwa kidole niruhusu maji kidogo yaingie, kisha huyakamua yatoke pamoja na hewa iliyobaki ndani.

Faida yake kwangu imekuwa kubwa, na nadhani ni kwa sababu mimi ni muogeleaji wa wastani ambaye miguu huzama. Suti huinua nyonga na miguu, mwili ukalala bapa, na katika umbali wa mita 1,500 nimepunguza karibu dakika tatu. Mwenzangu aliyekulia kwenye timu ya kuogelea hakuona tofauti kubwa hivyo, na kwa kweli alilalamika kwamba miguu inaelea mno. Aidha, si kila shindano huiruhusu: katika mashindano ya Ironman, ambayo ni triathloni za masafa marefu, kwa mfano, maji yakizidi nyuzijoto 24.5 aliyevaa suti hawezi kuwania nafasi katika kundi lake la umri.

Lawama yangu kubwa ni ukosi. Mshono wake ulinichubua shingo hadi nikashindwa kuvaa shati kwa siku mbili, na mafuta ya mgando, ambayo wengi hukimbilia, huharibu neopreni na gundi yake. Nimelazimika kutumia mafuta maalumu ya waogeleaji, tena kwa wingi. Lawama ya pili ni ulaini wa ngozi yake ya nje, kwani ukucha mmoja wa kidole gumba uliacha mpasuko wenye umbo la mwezi mchanga juu ya goti. Niliuziba kwa gundi ya neopreni, pande zote mbili za mpasuko, nikaacha ikauke usiku kucha, na hadi leo haujafunguka.