Antena ya TV ya nyumbani: ipi ununue na uifunge wapi

Enzi za analojia, mwenye antena mbovu aliangalia taarifa ya habari kwenye chenga, na akaimaliza. Dijitali haina chenga. Mawimbi yakitosha, picha ni safi. Yakishuka chini ya kiwango hata kidogo, picha inakatikakatika miraba, sauti inakwaruza, kisha skrini inakuandikia kwamba hakuna mawimbi. Antena inayoshika asubuhi na kukata jioni haikuharibika mchana. Ilikuwa ukingoni tangu mwanzo. Unayotakiwa kununua ni ile itakayokuweka mbali na ukingo huo.

Tunazungumzia antena za mitambo ya ardhini, yaani minara inayorusha matangazo, kwa mfumo wa DVB-T2, unaotumika Tanzania na Kenya. Dishi ni habari nyingine. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, geuza TV au king'amuzi usome nyuma. Kikiandikwa DVB-T2, endelea. DVB-S2 ni cha dishi, na hakuna antena ya paa itakayokisaidia. TV iliyoandikwa DVB-T bila ile 2 nayo haitafungua chaneli za DVB-T2, itabidi uiongezee king'amuzi.

Jambo jingine la kujua ukiwa dukani: hakuna "antena ya dijitali". Antena haijui kama mawimbi yamebeba analojia au dijitali, inajua masafa tu. Unataka UHF, kuanzia megahezi 470 hadi 694. Beba rula. Fito za antena ya UHF zina urefu wa sentimita 20 hadi 30 na kidogo. Ile ya zamani iliyoko juu ya paa, kama fito zake ni za kiasi hicho, huenda bado inafaa na pesa yako ibaki mfukoni. Yenye fito za karibu mita moja au zaidi ilitengenezwa kwa VHF, masafa ya chini zaidi, na hiyo ndiyo inayohitaji kubadilishwa.

Nafasi ya kwanza: Yagi ya nje isiyotumia umeme, fito 10 hadi 16

Hii ndiyo inayofanana na mfupa wa samaki: mhimili wa alumini wa mita moja hivi, fito fupi mbele, kijisanduku cha plastiki karibu na nyuma ambako waya unaingia, na kizuizi nyuma kabisa. Ikitengenezwa vizuri inaongeza desibeli (kipimo cha nguvu ya mawimbi) 9 hadi 12, na kwa kuwa inasikiliza upande mmoja, mwangwi wa mawimbi yanayogonga majengo na kurudi unapungua. Kwa nyumba iliyo kilomita 10 hadi 40 kutoka kwenye mtambo, hakuna kingine kinachokupa zaidi kwa bei yake.

Mkononi, angalia mambo haya. Shika fito moja uitikise: ikicheza leo, upepo utaing'oa kesho. Fungua kijisanduku, kiwe na tundu la konekta ya kuzungusha aina ya F, maana skrubu mbili za kubana waya ulio wazi hushika kutu mapema. Kibanio cha mlingoti kiwe cha chuma, cha plastiki hupasuka kwa jua. Wala usitishwe na hesabu ya fito kwenye boksi. Wapo wanaohesabu kila fito yenye umbo la X kama fito nne, na vijiti vya kizuizi pia wanaviingiza, ndiyo unakutana na "fito 43" kwenye mhimili wa mita moja na nusu.

Nafasi ya pili: antena ya bapa yenye wavu

Hii ina vipepeo viwili au vinne vya waya mbele ya wavu wa chuma. Ya vipepeo vinne inakaribia au kuzidi Yagi ya kawaida kwa nguvu, na huchukua nafasi ndogo kwenda mbele, kwa hiyo inawafaa wakazi wa ghorofa wenye baraza inayoangalia mtambo. Udhaifu wake ni upepo, kwa sababu wavu ni kama tanga, na kutu kwa wanaoishi Pwani. Mombasa, Unguja au Kigamboni, usinunue wavu wa chuma uliopakwa rangi tu.

Nafasi ya tatu: logi, ile ya pembetatu

Fito zake hupungua urefu taratibu kuelekea mbele. Nguvu yake ni ndogo, desibeli 7 au 8, lakini inashika masafa yote kwa usawa na inasikiliza upande mpana. Kama mitambo yako iko pande mbili zisizoachana sana na uko karibu nayo, ipandishe hii hadi nafasi ya kwanza.

Nafasi ya nne: antena za ndani

Karatasi ya kubandika dirishani, pete yenye masikio mawili, zote ni jamaa mmoja. Zinafaa kama uko ndani ya kilomita 10 hivi na dirisha linaangalia mtambo. Chini ya paa la bati au nyuma ya kuta mbili za zege, usijisumbue. Kabla ya kununua, fanya jaribio lisilo na gharama: chuna kipande cha waya wa antena ubakize kiini pekee urefu wa sentimita 13, upande wa pili uchomeke kwenye king'amuzi, kisha kining'inize kiini dirishani. Chaneli zikiingia kwa kipande hicho, antena ya ndani itakutosha. Kama hakuna hata moja, panda juu ya paa.

Nafasi ya mwisho: ile ya kuzunguka yenye mota na rimoti

Inauzwa sana, na boksi lake ndilo lenye uongo mwingi kuliko yote. Fito zake ni fupi na chache, mota yake hunyweshwa na mvua, na busta, yaani kikuza mawimbi, iliyomo ndani yake haina kichujio. Boksi linaahidi maili 1,000, yaani kilomita 1,600, mbali kuliko kutoka Dar es Salaam hadi Lusaka. Piga hesabu mwenyewe. Mawimbi ya UHF hayapindi sana kufuata mviringo wa dunia. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita, zidisha kwa 4.1, fanya vivyo hivyo kwa urefu wa antena yako, jumlisha, unapata kilomita. Mnara wa mita 150 kwenye tambarare unatoa 50, antena iliyo mita 9 inatoa 12: jumla 62. Mtambo ulio juu mita 500 kuliko kwako unafika kama kilomita 100 na kidogo. Zaidi ya hapo dunia yenyewe imekaa katikati, na busta haitoboi ardhi.

Kuhusu busta

Busta inakuza kila kinachoingia, mawimbi na kelele pamoja. Mahali pake ni juu, kwenye mlingoti karibu na antena, pale ambapo waya ni mrefu au unagawia TV kadhaa. Ukiiweka nyuma ya TV, mawimbi yamekwisha kudhoofika njiani na kelele imeshaingia. Unachokuza ni mabaki. Tena ukiwa karibu na mtambo, busta inazidisha nguvu hadi king'amuzi kinachanganyikiwa, na chaneli zinapotea zilizokuwa safi. Nunua antena na waya mzuri kwanza, funga, pima, halafu ndipo uamue kama inahitajika.

Antena yenye busta hupata umeme kupitia waya uleule, volti 5 kutoka king'amuzi au 12 kutoka adapta yake. Kwenye menyu ya king'amuzi kuna sehemu ya umeme wa antena. Isipowashwa, busta iliyolala inazuia mawimbi badala ya kuyakuza. Kinyume chake, ukiiwasha huku umefunga Yagi ya kawaida, king'amuzi kinaweza kulalamika kwamba antena imepiga shoti. Izime tu.

Waya

Hapa ndipo wengi wanapojipunja. Omba RG6 ya omu 75. RG6 nzuri inapoteza kama desibeli 5 kwa kila mita 30 kwenye masafa haya; RG59 nyembamba inapoteza zaidi; RG58 ni ya omu 50, ya redio za mawasiliano, usiikubali hata kwa bei ya bure. Kumbuka desibeli 3 ni nusu ya nguvu. Kigawanyi cha TV mbili, kile mafundi wanachokiita spliti, kinakula kama 3.5, cha TV nne kama 7. Ukifunga cha nne huku una TV mbili, umetupa nusu ya mawimbi bila sababu.

Kufunga konekta ndiko kunakoua kazi nzuri. Chuna ganda la nje milimita 15 bila kukata nyuzi za chini yake. Nyuzi zote zikunje nyuma, juu ya ganda. Kata sponji nyeupe ubakize milimita 6 au 7 tu mbele ya ganda, kisha usukume konekta mpaka sponji ilingane na sakafu yake ndani na kiini kitokeze milimita 2 au 3 mbele ya ukingo. Ng'ariza jicho: unywele mmoja wa shaba au alumini ukigusa kiini, TV haitaona kitu, na utailaumu antena.

Kuelekeza

Usianze kwa kubahatisha. Jua mtambo uko wapi. Nairobi wengi wanaelekeza Limuru, Mombasa Mazeras, Dar es Salaam Kisarawe, na kila chaneli huenda isitoke mnara mmoja. Angalia antena za majirani zinazotazama upande uleule. Dira ya simu itakusaidia, ila ukisimama juu ya bati inadanganya. Shuka chini, pima hapo, uweke alama kwa mti au jengo.

Angalia pia fito za majirani zimelala au zimesimama. Nyingi hulala sambamba na ardhi. Mtambo unaorusha wima unataka fito zisimame. Ukikosea hapa unaweza kupoteza hadi desibeli 20, yaani ubaki na sehemu moja tu ya nguvu kati ya mia.

Panda, mtu wa pili akae mbele ya TV na menyu ya mawimbi imefunguliwa. Atazame ubora, nguvu aiache kando: nguvu kubwa yenye ubora mdogo ni kelele au mwangwi. Geuza antena kidogo, kama nyuzi 10, kisha subiri sekunde tano, kwa kuwa kipimo huchelewa. Ukishapata kilele, endelea kushoto hadi ubora uanguke, weka alama, rudi kulia mpaka uanguke tena, weka alama. Funga katikati ya alama mbili. Kisha pima chaneli za masafa mengine, maana mtambo mmoja hurusha mafungu kadhaa ya chaneli na fungu dhaifu ndilo la kulipigia mahesabu.

Ubora ukigoma, usigeuze tu: sogeza. Mita moja kando au nusu mita juu inaweza kubadilisha kila kitu kwenye mtaa wa mabati, kwa sababu mawimbi yanayodunda yanaongezana mahali pamoja na kufutana pa jirani. Antena ikae angalau mita moja juu ya bati, na mlingoti usiwe mahali ambapo ukianguka utagusa nyaya za umeme. Bomba la mlingoti liunganishwe kwa waya wa shaba hadi fito iliyofukiwa ardhini, na radi ikianza kunguruma, chomoa waya wa antena kwenye TV.

Mwisho, acha waya ulegee kidogo uning'inie kitanzi chini ya kijisanduku ili maji yadondoke, na uzungushie konekta ya nje mpira unaojiganda wenyewe. Tepu ya umeme peke yake inaachia kwa jua. Mvua yenyewe haidhuru sana UHF. Chaneli zikipotea kila inaponyesha, fungua ile konekta: kiini kimekuwa cheusi, maji yamepanda ndani ya nyuzi. Kata waya hadi ukute shaba inayong'aa, ufunge upya. Na zikipotea tangu mnara wa simu ulipojengwa karibu nawe, chomeka kichujio cha masafa ya simu, kinachokata juu ya megahezi 694, kabla ya busta wala si baada yake.