Fundi kanitilia pikapu, nyuzi mbili zikawa bubu

Kama una gitaa kavu na unataka lisikike kwenye spika, soma hii kabla hujampa mtu drili. Langu nililipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo, siku chache kabla ya mvua, anitilie pikapu ya piezo, kile kifaa kinachogeuza mgandamizo wa nyuzi kuwa umeme wa kwenda kwenye spika; kinalala chini ya mfupa wa daraja, kile kipande chembamba kinachobeba nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Nililipokea nyuzi nne zinaimba na mbili nyembamba za chini zinanong'ona.

Nikarudi kumwambia. Jibu lake, bila hata kuinua macho: "Kaka, wenzako mbona hawalalamiki? Ongeza sauti kwenye mikisa."

Ongeza sauti! Ukiongeza sauti zinapanda zote sita, na zile mbili zinabaki nyuma vilevile. Mtu anayeishi kwa kazi hii hawezi kusema hivyo.

Nililegeza nyuzi nikang'oa mfupa. Chini yake kulikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne, na unga wa mbao ulioachwa baada ya kutoboa. Mfupa wenyewe alikuwa ameupiga msasa mkononi, kitako kikawa cha mviringo kama mtumbwi. Piezo haisikilizi hewa. Inapokea mgandamizo wa nyuzi kupitia mfupa, kwa hiyo mfupa usipogusa, uzi wa hapo hausikiki. Na karatasi laini inameza hata ule mgandamizo mdogo uliobaki.

Kazi yenyewe si ngumu. Unabandika msasa juu ya kioo, unausugua mfupa ukiwa wima mpaka kitako kinyooke kabisa. Unaupunguza mfupa kwa kiasi kilekile cha unene wa pikapu. Ikiwa ni milimita moja na nusu na hukupunguza kitu, nyuzi zinapanda karibu robo tatu ya milimita kwenye freti ya 12 (kile kichuma cha kumi na mbili shingoni), na vidole vitakuambia. Mfereji unaokaliwa na mfupa unapulizwa vumbi lote. Mfupa uingie na kutoka kwa vidole, bila koleo, lakini usiyumbe; ukibana pembeni haushuki kukandamiza. Kisha piga uzi mmoja mmoja kwenye spika kabla ya kumkabidhi mteja. Dakika mbili tu!

Haki yake nimpe: tundu la jeki kule nyuma, la milimita 12, alilitoboa safi, mbao haikupasuka. Wengi huharibu hapo.

Kwa hasira nilitaka kuandika kwamba pikapu ni upuuzi, nunueni maiki. Siwezi. Kwenye harusi, dramu nyuma yako na monita (spika ya kujisikia) miguuni, maiki mbele ya gitaa kavu inaokota kila kitu na kupiga mluzi kabla wimbo haujakolea. Jukwaani ni pikapu, basi. Ila usiichomeke moja kwa moja kwenye laini ya mikisa kama haina priampu yake, kile kikuza sauti kidogo cha kabla ya mikisa: piezo inataka ingizo lenye ukinzani wa megaomu 1 (yaani kiloomu 1,000) au zaidi, laini nyingi za mikisa ni kama kiloomu 10, ndiyo maana besi inapotea na gitaa linalia kama bati. Ikiwa priampu ni ya betri ya volti 9, betri inaisha kwa sababu waya umeachwa kwenye jeki. Chomoa ukimaliza kupiga. Gitaa likivuma kwa chini, kata besi karibu na hezi 100 au ziba tundu la sauti. Zile pikapu za sumaku zinazobanwa kwenye tundu nazo zinafaa, lakini si kwa nyuzi za nailoni, hazitasikika.

Kurekodi ni habari nyingine kabisa. Hapo piezo hata iliyofungwa vizuri inatoa sauti kavu ya plastiki. Weka maiki ya kondensa, washa volti 48 za kuipa umeme, ielekeze freti ya 12 kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, wala usiilenge kwenye tundu maana itajaa mvumo. Zima feni, utokwe jasho. Subiri usiku bajaji zipungue.

Je, nimpe nyota ngapi? Nilipoanza kuandika ilikuwa moja. Lile tundu la jeki linanisumbua, mkono anao. Akikubali kuchonga mfupa mpya mbele yangu, juu ya kioo, nitampelekea na gitaa la pili. Lakini kama atanitajia tena wenzangu wasiolalamika, basi hata hiyo moja naichukua.