Maonyo ya uongo ya kompaila ya C kwenye -O2: uzoefu wangu

GCC, kompaila huria (chombo cha kugeuza msimbo kuwa programu) ninayoitumia kila siku kwa kazi za lugha ya C, ni chombo ninachokiamini, na ndiyo maana nilifadhaika pale programu iliyojengeka kwa -O0 (bila msimbo kuboreshwa) bila onyo hata moja ilipokataa kujengeka kwa -O2 (msimbo ukiboreshwa ili uende kasi). Nilikuwa nimewasha -Wall, inayotoa maonyo mengi, pamoja na -Werror, inayogeuza kila onyo kuwa kosa, hivyo onyo moja tu la -Wmaybe-uninitialized, lililodai kwamba kigeu «saizi» huenda kikatumika kabla ya kupewa thamani, lilitosha kusimamisha kazi yote.

Msimbo wenyewe ulikuwa sahihi. Saizi ilipewa thamani ndani ya sharti «if (f->imefunguka)», kisha, baada ya kuitwa fanksheni nyingine tatu, ikatumika ndani ya «if» nyingine yenye sharti lilelile. Mimi nilijua kwamba fanksheni zile haziigusi imefunguka, lakini kompaila haikuwa na njia ya kulithibitisha hilo, kwa kuwa zote zilipokea pointa f (anwani ya data yenye imefunguka, hivyo zingeweza kuibadilisha) na mbili kati yake zilikuwa katika faili nyingine. Tena onyo hili hutolewa baada ya msimbo kuchakatwa sana: fanksheni fupi zimekwisha kupachikwa pale zinapoitwa na matawi ya masharti yamepangwa upya, kiasi kwamba badiliko dogo mahali pengine huweza kulizusha au kulifuta. Kwa -O0 uchambuzi huo haufanyiki, kwa hiyo ukimya niliouona mwanzoni haukuthibitisha lolote.

Nililimaliza onyo kwa kuandika «int saizi = 0;», na hapo ndipo nilipokosea. Wiki chache baadaye niliongeza njia mpya ya kusoma faili, nikasahau kuipa saizi thamani yake, na programu ikaanza kuandika faili tupu. Valgrind, chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu programu inapoendeshwa, ambayo ingeweza kulifichua kosa hilo kama saizi isingepewa thamani yoyote, haikusema kitu, kwa sababu sifuri ni thamani halali kama nyingine yoyote. Nilipoteza siku mbili nikitafuta kosa ambalo mkono wangu mwenyewe ulikuwa umelifunika.

Mwaka 2020, kiini cha Linux, toleo la 5.7, kililizima onyo hili katika ujenzi wa kawaida. Kwa msimbo mkubwa kiasi kile nauelewa uamuzi huo, lakini katika miradi yangu siufuati. Natumia -Wno-error=maybe-uninitialized, ili onyo liendelee kuonekana bila kuvunja ujenzi, na ninajenga kwa -O0 na -O2 kila ninapobadilisha jambo la maana. Onyo likitokea, kwanza najaribu kuhifadhi sharti katika kigeu cha ndani ya fanksheni, au kuyaleta matumizi ndani ya sharti moja. Mara nyingi hilo hutosha, na msimbo husomeka vizuri zaidi.

Ninachokikosa bado ni maelezo ya njia. Toleo ninalolitumia hunionyesha mstari ambako kigeu kimetumika na ule ambako kimetangazwa, lakini halinielezi ni kwa kupitia tawi lipi kompaila inadhani tumefika pale bila thamani.