Linzertorte ya Freiburg: niliuliza, nikaambiwa haina pombe

Nawapa nyota mbili. Nilianza na moja, nikaongeza, nikapunguza, na kabla sijamaliza kuandika huenda nikabadili tena, kwa hiyo msinishike maneno.

Nianze na haki yao. Freiburg, huku Ujerumani, imejaa mikahawa ya keki, na huu ninaousema (jina naliweka kando, sina hamu ya barua za wakili) ni wa kizamani hasa: viti vya mbao, mapazia ya kufuma, wateja wengi wenye mvi. Keki zao ni keki kweli. Nimeishi nchi hii muda wa kutosha kuijua keki iliyotoka kiwandani imeganda ikayeyushwa asubuhi, na pale hamna hiyo. Wanaoka wenyewe nyuma ya ukuta. Ukifungua mlango harufu ya siagi inakupokea kabla ya mhudumu, na laiti mapokezi yangeishia hapo.

Mama yangu alikuja kunitembelea kutoka Wete, Pemba, juzi juzi, msimu wa plamu. Ilikuwa Jumapili, maduka yamefungwa kama ilivyo ada ya Wajerumani, nikaona nimtoe akaone wanavyoikaa alasiri yao: saa tisa, saa kumi hivi, babu, bibi, watoto, kahawa kwenye birika dogo na kipande cha keki cha kushibisha watu wawili. Ni katika vitu ninavyovipenda huku, sitasema uongo. Watu wanaokimbizana na ratiba wiki nzima, saa hiyo wanatulia.

Sasa, Waislamu wenzangu mnaoishi huku mnajua kabati la keki la Ujerumani linavyotaka macho. Schwarzwälder Kirschtorte, ile ya krimu, chokoleti na cheri, haina haja ya kuulizwa. Miongozo ya vyakula ya nchi yenyewe inataka ladha ya Kirschwasser isikike mdomoni, la sivyo keki haistahili jina hilo. Na Kirschwasser ni pombe kali inayokenekwa kutokana na cheri, kiasi cha asilimia 40, hakuna mjadala. Sina ugomvi na keki hiyo. Imejitangaza, naipita. Käsesahne, ile nyeupe ndefu inayotikisika, hushikwa na jelatini, na jelatini ya huku mara nyingi ni ya nguruwe. Käsekuchen, keki ya jibini ya kuoka, inasimama kwa mayai na wanga, hiyo kula usiwe na wasiwasi. Bienenstich, ile yenye lozi juu, ikijazwa kastadi sawa, ikijazwa krimu iliyogandishwa uliza. Zabibu za Stollen, mkate mtamu wa Krismasi, mara nyingi zimelazwa kwenye ramu. Lebkuchen, biskuti za viungo za Nürnberg, unazinunua kwenye paketi, unageuza paketi, unasoma, basi. Balaa ni keki isiyo na paketi. Hapo huna cha kusoma, una mdomo wa muuzaji tu.

Na Linzertorte ndiyo yenye hila kuliko zote. Kwao ni Linz, Austria, lakini hapa Baden, eneo ilipo Freiburg, wameishaichukua ikawa ya nyumbani: unga wa lozi au njugu nyingine zilizosagwa, mdalasini, karafuu, jamu ya raspberi katikati, na juu vipande vya unga vilivyopishanishwa. Ukiitazama huoni chochote cha kukutia shaka. Ila Baden wengi hukandia tone la Kirschwasser kwenye unga. Wengi, si wote. Ndiyo maana mimi huuliza. Kila mara, kila mahali.

Mama hakusoma vibandiko. Keki ilikuwa juu ya kaunta, imekatwa muda ule ule, akainama kidogo akavuta pumzi. “Hii ina karafuu,” akasema, uso umemng'aa kwa mara ya kwanza tangu ashuke ndege. Mwanamke aliyepanda mikarafuu tangu mdogo, akaanika kwenye majamvi, akachambua makonyo mpaka kucha zikabadilika rangi, humdanganyi kwa karafuu. “Imesagwa siku nyingi,” akaongeza, “lakini ndiyo yenyewe. Nichukulie hii.”

Nikamgeukia mhudumu. Nikamuuliza kwa adabu zangu zote: samahani, hii Linzertorte imetiwa Kirschwasser, au kileo chochote? Mama yangu hatumii. Na asije mtu hapa akaniambia labda hamkuelewana. Mimi nauguza kwenye nyumba ya wazee, kutwa nzima naongea Kijerumani na watu wasiosikia vizuri, wananielewa.

Hakuinua hata kichwa. Akachomoa jalada la plastiki chini ya kaunta, akalisukuma upande wangu: mambo ya mzio yamo humo. Nikalifungua. Mmeshaliona jalada hilo, kila mkahawa unalo, kwa sababu sheria ya Ulaya inawalazimisha wauza chakula wataje vitu 14 vinavyoleta mzio. Ngano imo, maziwa yamo, mayai, lozi. Seleri imo. Haradali imo. Kamba na kome wamo, kwenye mkahawa wa keki! Pombe haimo, wala haikuwahi kuwemo kwenye orodha hiyo, na mtu anayeuza chakula kila siku anatakiwa alijue hilo kuliko mimi.

Nikamwambia, bado kwa upole, sikuulizi mzio, nakuuliza pombe. Hapo akashusha pumzi ndefu, ile ya kumfanya kila aliye kwenye foleni ajue nani anawachelewesha. “Hapana. Haina.” Nikarudia: una hakika? “Nimeshasema haina.” Tayari anamtazama mteja wa nyuma yangu, anamtabasamia.

Tukakaa. Chai ya mama ikaja: bilauri ya maji ya moto na kipakiti pembeni, maziwa ya kuomba. Hilo silihesabu, Ujerumani yote ni hivyo hivyo, ukitaka chai pika kwako. Mama akakata ncha ya keki kwa uma, akaitazama, akaitia mdomoni, akafumba macho. Akasema unga wake unavunjika kama vileja. Akala tena, taratibu, anachambua ladha moja moja: mdalasini huu, karafuu hii, kuna ganda la limau. “Na kuna kitu kingine,” akasema, “sikijui.” Mimi nikamwambia labda njugu zao hizo.

Tulikuwa meza ya kwanza kutoka kaunta. Akaingia mama mmoja wa Kijerumani na mtoto wa miaka mitatu minne hivi. Mtoto akanyoosha kidole kwenye Linzertorte. Na yule yule mhudumu, sauti ile ile, sasa imetiwa asali, akainama mpaka usawa wa mtoto akasema: hapana mpenzi, hiyo ina Kirsch ndani, si ya watoto, wewe chukua ya plamu.

Nilihisi masikio yanawaka.

Hebu nielezeni. Mtoto hakuuliza. Mama yake hakuuliza. Mimi niliuliza, nikarudia, nikaeleza na sababu, nikaambiwa haina. Kwa hiyo alikuwa anajua. Hakuwa mgeni wa kazi, hakuchanganya keki, hakughafilika. Alijua, na akaona kunijibu ni usumbufu.

Nikasimama nikaenda kaunta. Nikamwambia, umeniambia haina. Akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. “Ni kidogo tu. Inaokwa, inaruka yote. Haisikiki.” Nikamwambia, ikiwa inaruka yote na haisikiki, mnaitia ya nini? Hakuwa na jibu. Akachukua kitambaa akaanza kufuta kioo kilichokuwa safi. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo linanikereketa, akalisema nusu kwangu nusu kwa foleni: mama yako mbona anaila kwa furaha?

Mapishi ya Linzertorte yameandikwa tangu 1653. Karne zote hizo keki hiyo inaokwa, na bado yupo mtu anayelipwa mshahara kusimama nyuma yake asiyeweza kutamka “ndiyo, imo”. Maneno mawili! Ningesema ahsante, ningechukua nyingine, ningewaachia na bakshishi. Hakuna Mwislamu anayekwenda Freiburg kuwakataza watu Kirschwasser yao. Mnywe, mkandie, mwogee. Mimi nauliza ili nijue cha kufanya na mdomo wangu, si wenu.

Niliporudi mezani mama alishaelewa, bila ya Kijerumani. Uma umewekwa chini, sahani imesogezwa mbali. Akaenda kusukutua, akarudi, akasema, “Kaa chini mwanangu, watu wanatazama. Mimi sikujua, na wewe uliuliza. Atajibu aliyesema.” Halafu, kwa mama yangu haki ni haki, akaongeza: “Lakini aliyepika ana mkono.”

Na hapo ndipo nyota ya pili ilipotokea. Mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka mwokaji na trei, mzee wa makamo, aproni imejaa unga, sidhani kama hutoka mbele mara nyingi. Alikuwa amenisikia, nadhani mtaa mzima ulinisikia. Akaniuliza kuna nini. Nikamweleza. Hakujizungusha hata kidogo: ndiyo, naitia, kwenye unga, sikuzote, ndivyo nilivyofundishwa. Pole sana, ungepaswa kuambiwa. Kisha akasimama pale kwenye kabati, foleni inangoja, akanionyesha moja moja kwa kidole. Hii ina Kirsch. Hii ramu. Hii jelatini. Hii haina kitu, hii haina, na hii hapa nimeitoa sasa hivi, unga wa chachu, plamu, sukari, mdalasini, basi. Zwetschgenkuchen. Akakata kipande kikubwa, akakileta mwenyewe mezani, akamwekea mama mbele, akainamisha kichwa. Zawadi, akasema.

Jamani, keki ile. Plamu zimepangwa zimesimama, moja imeegemea nyingine, kingo zake zimeungua kidogo zikawa nyeusi na kunata, juisi imeshuka ikaupaka unga rangi ya zambarau. Uchachu kwanza, utamu baadaye, na mdalasini haukuzidi. Mama alisita, na nani angemlaumu, akanitazama, nikamwambia huyu namwamini. Akala yote. Mimi nilipewa ncha. Muda ule ningetoa nyota nne, na nilishaanza kutunga moyoni maneno mazuri, eti makosa hutokea, eti tusihukumu nyumba kwa mlango wake.

Nikaenda kulipa. Pesa taslimu tu, kadi hawapokei, nalijua hilo, nimezibeba. Yule yule kaunta. Akanipa risiti. Linzertorte imo. Kamili, bei yake yote. Nikasema sawa, tuseme ililiwa nusu. Chini yake: Zwetschgenkuchen, nayo kamili. Nikamwambia hii mwokaji ametupa zawadi, umemwona, umesimama hapo hapo. Akasema yeye hajaambiwa kitu, na kilichotoka kabatini kinalipiwa. Nikaomba amwite. Yuko kazini. Nikamuomba mwenye mkahawa. Leo hayupo. Kesho je? Mkahawa umefungwa.

Nililipa. Nililipa kwa sababu mama alishavaa koti, anasubiri mlangoni, na sikutaka kumbukumbu yake ya Ujerumani iwe mimi nagombania senti na mwanamke wa kaunta. Si pesa. Ningelipa mara mbili kwa ile ya plamu. Lakini kulipishwa keki niliyodanganywa, juu yake nilipishwe na zawadi ya kuombwa radhi, huko ni kuombwa radhi kwa gharama yangu mwenyewe.

Kuna rafiki yangu, anaishi huku huku, ameniambia nimekuza jambo: kila mahali yupo mtu mwenye siku mbaya, na wazungu wengi hawajui kwamba kwetu kidogo na kingi ni kimoja. Nimelifikiria hilo, na labda siku nyingine ningelikubali. Ila huyu alijua kwamba kidogo kina maana. Alimwambia mtoto.

Kwa mnaokwenda Freiburg hata hivyo, maana najua mtakwenda: keki ya plamu, ya tufaha, Käsekuchen ya kuoka, Streuselkuchen (yenye chenga za siagi na sukari juu), kwa kawaida hizo ndizo njia salama, na msimu wa plamu msiukose. Linzertorte tafuteni anayewaonyesha mapishi, au okeni wenyewe, ganda la limau linatosha. Mama ameshanituma nimtafutie vipimo, anataka kuijaribu Wete kwa karafuu zake za msimu huu, na anasema ya Freiburg itaona haya. Mkiuliza kuhusu pombe, msikubali kusukumiwa jalada la mzio. Semeni mnataka kumuuliza aliyeoka.

Kuhusu nyota, nimeghairi, ile ya pili naiondoa. Inabaki moja, na si ya mkahawa, ni ya yule mzee wa nyuma. Siku akifungua cha kwake nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, na mama nitamkatia tiketi tena.